Dumu la Njano

Saa saba mchana, Gongoni, mashamba ya chumvi
yanachemka bila moto.
Nimebeba sima na mchunga kwenye kitambaa
na mbele yangu wanaume kumi na wanne wasio na miguu
wanaelea juu ya weupe,
wanarefuka, wanakatika viunoni, wanaungana tena.
Yupi ni baba?
Mangazimbwe hayamjibu mtoto wa miaka tisa.

Nikatafuta dumu.
La mafuta ya kupikia, njano, lita ishirini,
lenye bonde ubavuni pale baiskeli ilipoliangusha.
Umbo lake nalijua kama ulimi unavyoyajua meno.
Likipinda, si lenyewe lililopinda,
hewa imesema uongo,
na kipimo cha uongo huo nakisoma ubavuni mwa dumu,
kisha namnyoosha kwa kipimo kilekile
mtu aliyesimama kando yake.
Nikakuona. Nikaja moja kwa moja.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini huko mlimani
na mtandao ukakata, au mimi ndiye niliyekata.
Leo niko mbele yako, likizo ya siku kumi na moja.

Kazi ni ile ya dumu, Baba.
Nyota hazitetemeki. Zimetulia tuli.
Ni hewa inayozitikisa, hii tunayoivuta,
ya moto na ya baridi zikisukumana
kama watu langoni siku ya mshahara.
Mwanga uliotoka kwao kabla ya babu wa babu
unafika salama, halafu unapigwa kumbo mlangoni.

Basi tunatundika dumu letu.
Tunawasha leza, uzi wa rangi ya embe bivu,
unapanda kilomita tisini,
ni hapa hadi Kilifi, kama barabara ingesimama wima,
mpaka kwenye utando wa sodiamu
ulioachwa na vimondo vilivyoungua vikipita.
Utando unaguswa, unawaka: nyota.
Haina jina, haimo katika falaki yoyote,
lakini umbo lake tunalijua, tumeichora wenyewe.
Ikitetemeka, kompyuta inasoma,
na kioo chembamba ndani ya darubini
kinasukumwa na vidole mia kadhaa
mara elfu kwa sekunde,
kinapinda kinyume cha ilivyopinda hewa,
upogo kwa upogo, hadi nyota ya kweli inyooke.

"Sodiamu ndiyo nini?"
Roho ya chumvi.
Ukanyamaza. Ukazitazama nyayo zako,
zile nyufa zilizoyashinda mafuta ya nazi.
"Na huko juu pia ipo?
Nani anaikwangua?"
Hakuna, Baba.
"Afadhali."

Sikukusomea cheo changu kama kilivyo kwenye karatasi.
Nilisema nakaa nje usiku, kofia hadi nyusini,
naangalia ndege, leza isije ikampofusha rubani.
Ikitokea moja nabonyeza kitufe, nyota yetu inazimika.
Ukacheka hadi ukakohoa.
"Karo yote ile ya Malindi, mbuzi wakaenda, kitanda kikaenda,
kumbe Jumwa unaamia ndege!"
Naam, naamia. Shamba ndilo kubwa.

Kuna kitu sikukisema.
Nyota ya kutengeneza ina upofu wake:
hewa iliyousukuma mwale ukipanda
huurudisha palepale ukishuka,
kwa hiyo picha nzima ikihama, yenyewe haina habari.
Hujua kutetemeka; kupotea haikujui.
Kwa hilo lazima ipatikane nyota ya asili, karibu,
hata hafifu, hata ya kukodolea macho.
Usiku mwingine tunaikosa
na kila kitu kinakuwa chapa safi ya mahali ambapo sipo.

Badala yake nilichota chumvi kwenye kopo,
nikairusha motoni, chini ya chungu cha mama.
Ndimi zikageuka njano, na kidevu chako, na ukuta,
na lile dumu mlangoni, siku hizi limekatwa shingo,
linamwagilia mchicha.
"Rangi ni hii," nikasema, "hii hasa, ngoja nikuonyeshe tena."

Ukaninyang'anya kopo.
"Imetosha. Hiyo ya mboga."